Kupata nyumba ya kupanga Dar es Salaam ukiwa na mbwa: mwongozo kamili

Watu watatu wamenipigia mwezi huu na kisa ni kile kile. Nyumba imepatikana, dalali kalipwa, kodi ya miezi sita imetoka. Siku ya kuhamia mbwa anashuka kwenye kirikuu, mwenye nyumba anasimama getini na kuuliza, "Na huyo?" Mazungumzo ya mbwa ndiyo yanaanza hapo, pesa ikiwa imeshatoka mkononi.

Kosa liko kwenye mpangilio. Tunatafuta nyumba kwanza, kisha tunatafuta namna ya kumwingiza mbwa. Geuza: tafuta mwenye nyumba anayekubali mbwa, halafu uangalie kama nyumba yake inakufaa. Utakataliwa mara nyingi zaidi, lakini utakataliwa kwa simu, na nauli yako itabaki mfukoni.

Mimi nilijifunza hili Tabata. Nilimwingiza mbwa wangu usiku, nikamwambia jirani ni wa rafiki yangu, yupo kwa siku mbili tu. Alfajiri spika ya msikiti ikafunguka na mbwa akaitikia, mlio mrefu, tangu mwanzo wa adhana hadi mwisho. Kufikia saa moja asubuhi mtaa mzima ulijua. Nilikaa miezi miwili, kodi ya minne nikaiacha hapo hapo.

## Andaa hivi kwanza

Anza wiki sita hadi nane kabla kodi yako ya sasa haijaisha. Mwenye mbwa anayetafuta nyumba wiki ya mwisho huishia kudanganya, na uongo wa mbwa una sauti.

- Kadi ya chanjo. Ya kichaa cha mbwa ndiyo itakayoulizwa. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka. Hakikisha kadi ina tarehe, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Kama huna daktari, anza na ofisa mifugo wa kata yako. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna kampeni za chanjo, ulizia.
- Picha mbili na video fupi. Usitume picha anayoonyesha meno. Video nzuri ni ya mbwa amelala, bodaboda inapita nje ya geti, anainua kichwa, anakilaza tena.
- Namba ya mwenye nyumba wako wa sasa, kama mmeachana vizuri. Muombe ruhusa kabla hujaitoa.
- Banda linalohamishika, la mbao na bati, lisilohitaji kuchimba wala kujengea. Ukilionyesha kwenye picha, mwenye nyumba anaona mbwa ana pa kukaa.
- Mkanda, kamba imara na kifunga mdomo vya siku ya kuhamia.
- Pesa yote, siyo ya kodi peke yake. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 2,400,000, dalali mwezi mmoja ni 400,000, jumla 2,800,000. Hapo hujaweka hela ya kuonyeshwa nyumba, kirikuu, LUKU ya kuanzia, wala fundi wa kuziba geti. Fundi wa geti usimsahau, nitamrudia.

## Hatua ya 1: Chagua aina ya nyumba kabla ya mtaa

Wengi huanza na "nataka Sinza" au "nataka Mikocheni". Mbwa hajui Sinza. Anajua kama kuna uzio na kama uwanja ni wake.

Nyumba inayojitegemea ndani ya fensi yake ndiyo ya kutafuta. Ikizidi bajeti, tafuta kiwanja chenye nyumba mbili, wewe na familia nyingine moja. Hapo unahitaji kuwashawishi watu wawili tu: mwenye nyumba na huyo jirani.

Chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita, achana nacho. Uwanja wa kufulia ni mmoja, choo pengine ni kimoja, jiko la mkaa liko barazani, watoto wanacheza kati na kuku wa mama mwenye nyumba wanazunguka. Hata wote wakikubali leo, mpangaji mpya akija mwezi ujao makubaliano yanaanza upya.

Ghorofani, kama Upanga na Kariakoo, sisemi haiwezekani. Ila ngazi au lifti mnaitumia wote, na mara nyingi kuna kanuni za jengo zaidi ya neno la mwenye nyumba wako. Omba uzione hizo kanuni kwa maandishi.

## Hatua ya 2: Chagua mtaa kwa masikio

Ukanda wa pwani, kuanzia Masaki na Msasani hadi Kawe na Mbezi Beach, una nyumba nyingi zenye mbwa, ila ushindani ni mkali na bei inapanda kadiri unavyosogelea bahari. Ukitajiwa kodi kwa dola, kumbuka kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba bei kwa shilingi, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kwa kipato cha kawaida, sogea nje kidogo: Goba, Madale, Boko, Bunju, Kinyerezi, au ng'ambo huko Kigamboni, kama Kibada na Mjimwema. Viwanja ni vikubwa, na wengi waliojenga huko wanafuga mbwa wenyewe kwa sababu ya wezi. Ukienda Kigamboni, weka foleni ya kivuko au tozo ya daraja kwenye hesabu ya kila mwezi.

Ninayopenda kuliko zote ni mbinu isiyo na gharama. Tembea mtaani jioni na usome mageti. Penye kibao cha "MBWA MKALI" au "JIHADHARI NA MBWA", simama umsalimie mlinzi au muuza genge wa jirani, kisha uliza nani anapangisha karibu hapo. Mtaa wenye vibao vitano umeshazoea mbwa. Kwenye mtaa usio na kibao hata kimoja, wako atakuwa wa kwanza, na kila kuku atakayepotea ataulizwa kwako.

Rudi tena saa tatu usiku ukasikilize. Mbwa wanabweka na hakuna anayerusha jiwe wala kupiga kelele? Umepata mtaa.

Angalia pia msikiti uko umbali gani, na madrasa. Mbwa wengi huitikia adhana, siyo kwa ubaya, sauti ndefu inawavuta. Nyumba iliyopakana ukuta na msikiti usiichukue, hata mwenye nyumba akikubali. Atakayelalamika siyo yeye.

## Hatua ya 3: Mpe dalali neno "mbwa" kabla ya yote

Dalali analipwa ukilipa kodi. Yanayotokea baadaye siyo shida yake. Ndiyo maana ukimtajia mbwa mwishoni atakwambia "haina shida bosi". Hiyo "haina shida" haimaanishi kitu. (Mbwa wangu mwenyewe anaitwa Bosi, kwa hiyo kwenye simu ya dalali tunaitika wawili.)

Tuma ujumbe wa namna hii:

> Habari ndugu. Natafuta nyumba inayojitegemea yenye fensi na geti, vyumba viwili, Goba hadi Madale. Bajeti laki nne, kodi miezi sita. NINA MBWA MMOJA MKUBWA, amechanjwa, analala nje. Tafadhali muulize mwenye nyumba kuhusu mbwa kabla hujanitumia picha.

Wapelekee madalali kumi. Saba hawatajibu, na hiyo ni nafuu kwako. Atakayesema "nimeshaongea naye, amekubali", muombe ampigie mwenye nyumba mbele yako, aweke spika. Akianza kuzunguka, hajaongea naye.

Tahadhari: usitoe hela ya kuonyeshwa nyumba kabla hujasikia "ndiyo" ya mwenye nyumba kuhusu mbwa. Kwa mwenye mbwa, hela hizi ndogo ndogo ndizo zinazommaliza: elfu kumi hapa, elfu ishirini pale, na nyumba zote ni za "labda".

Hatua hii ikienda vizuri, utakuwa na nyumba mbili au tatu tu za kwenda kuona. Usisikitike kwamba ni chache.

## Hatua ya 4: Ongea na mwenye nyumba mwenyewe

Hapa ndipo nyumba inapopatikana au kukosekana, na hapa ndipo watu wanaharibu kwa haraka.

Jua kwanza unaongea na nani. Mwenye nyumba anayeishi kiwanja kimoja na wewe atamwona mbwa kila siku, kwa hiyo mpe muda wa kufikiri, usimbane akujibu siku hiyo hiyo. Anayeishi mkoani au nje ya nchi huwa mwepesi kukubali, kwa sababu anawaza nyumba yake kuibiwa pampu na koki. Nyumba ya mirathi ndiyo ya kuogopa: unaongea na kaka mkubwa, anakubali, miezi mitatu baadaye dada yao anarudi kutoka Tanga na hataki kusikia habari za mbwa. Uliza wazi ni nani mwingine mwenye sauti juu ya nyumba, na msimamizi wa mirathi ndiye asaini.

La dini lina wenyewe, na tunalizunguka bila sababu. Waislamu wengi wa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi anayekaa nje ni habari nyingine, na wenye nyumba wengi wanaijua tofauti hiyo kuliko wewe. Usidhani utakataliwa kwa sababu ya jina la mtu. Ongelea mipaka.

Mzee ninayepanga kwake sasa, Goba, tulianza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mbwa?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mimi mtu wa swala tano. Mbwa ndani ya nyumba yangu, hapana."

"Hataingia ndani, mzee. Ana banda lake, nitaliweka nyuma kabisa, mbali na bomba na simtanki."

Akanyamaza kidogo. "Na mimi nikija kukagua?"

"Ukinipigia kabla, utamkuta amefungwa."

"Haya, njoo uione nyumba."

Sikumwambia mbwa wangu ni mpole. Kila mtu husema hivyo. Nilimwambia atalala wapi, atafungwa lini na maji yake yako wapi, na hayo ndiyo aliyotaka kujua.

Kuna mambo matatu unayoweza kuongeza. Jitolee kupaka rangi ukuta wa chini na kurekebisha geti ukihama. Jitolee dhamana ya mwezi mmoja, iandikiwe risiti na ielezwe itarudishwa kwa masharti gani. Na mkumbushe kwamba nyumba yenye mbwa uani siyo rahisi kuvunjwa mkiwa safarini. Usiongeze kodi kwa hiari yako mwanzoni, maana ukishaipandisha haishuki.

Akikataa, shukuru na uondoke. Ukimshawishi kwa nguvu leo atajuta wiki ya pili, na majuto yake utayalipia wewe.

## Hatua ya 5: Kagua nyumba kwa macho ya mbwa

Nenda mchana, saa saba hadi saa tisa, jua likiwa kali. Mbwa bado mwache nyumbani.

Geti. Inama uangalie chini yake. Mageti mengi ya Dar yana pengo la kupitisha mkono. Mbwa atalala hapo na pua yake itatokea nje, mtoto anayetoka madrasa atapita na kanzu yake, pua itamgusa mguuni, atalia, na jioni utakuwa na wageni. Pima pengo, ulizia fundi wa kuchomelea kipande cha bati au nondo, mweleze mwenye nyumba, na lizibwe kabla hujahamia. Likishindikana kuzibwa, nyumba hiyo siyo yako.

Sakafu ya uwanja. Weka mgongo wa mkono kwenye saruji kwa sekunde tano. Ukishindwa, na nyayo za mbwa zitashindwa. Tafuta kivuli cha mwembe, cha paa, cha chochote, kitakachokuwepo mchana wote.

Chemba za maji taka. Mifuniko iwe mizima. Mbwa mkubwa akipanda juu ya mfuniko uliopasuka anaingia nao.

Ukuta. Urefu, na kama kuna tofali au tangi la kumsaidia kurukia. Angalia pia alama za maji kwa chini: mstari wa kahawia kwenye rangi ni masika iliyopita inakusimulia. Banda haliwezi kukaa hapo kuanzia Machi hadi Mei.

Kupe. Kama mpangaji aliyepita alikuwa na mbwa, chungulia nyufa za ukuta pembeni ya mlango wa nyuma. Kupe hukaa humo muda mrefu bila kula. Piga dawa kabla ya kuhamia.

Kabla hujaondoka, gonga kwa jirani wa kushoto, wa kulia na wa mbele. Salimia, sema unataka kuhamia na una mbwa. Dakika tano tu. Sura zao zitakuambia mengi kuliko maneno yao.

## Hatua ya 6: Mbwa aandikwe kwenye mkataba

Ruhusa ya mdomo hufa siku mnapogombana kwa jambo lingine, kwa mfano bili ya maji. Mikataba inayouzwa stationeri haina neno juu ya wanyama, kwa hiyo ongeza kifungu chako:

> Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji kufuga mbwa mmoja ndani ya uzio. Mbwa atalala kwenye banda nyuma ya nyumba na hataachwa kuzurura nje ya geti. Mpangaji atamchanja kila mwaka na atalipia uharibifu wowote utakaofanywa na mbwa huyo. Mwenye nyumba akiondoa ruhusa hii kabla ya kodi kuisha, atatoa notisi ya miezi miwili kwa maandishi na atarudisha kodi ya miezi ambayo mpangaji hatakaa.

Sentensi ya mwisho ndiyo ingeniokolea miezi yangu minne ya Tabata. Mwenye nyumba akiikataa hiyo tu na kukubali nyingine zote, omba kulipa miezi mitatu mitatu, ili hasara yako iwe na kikomo.

Hakikisha pia anayepokea pesa ni mwenye nyumba kweli. Omba kuona hati au leseni ya makazi, na linganisha jina na linalotokea kwenye simu unapotuma pesa au kwenye akaunti ya benki. Jina likiwa jingine, simama. Sainini mbele ya mashahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri, kwa sababu mwenyekiti au mtendaji anamjua mwenye nyumba na sasa atakujua na wewe. Mwachie mjumbe nakala ya kadi ya chanjo. Siku atakapopelekewa malalamiko, karatasi yako itakuwa imefika kabla yao.

## Hatua ya 7: Hamia mchana, mbwa awe wa mwisho

Usihamie usiku. Mtaa ukimwona mbwa anashushwa gizani unajua anafichwa.

Peleka vyombo kwanza, funga geti, weka banda mahali pake na maji ndani ya kivuli, ndipo umlete. Usimpe chakula kingi asubuhi hiyo, kirikuu kwenye barabara ya vumbi humtapisha. Mzungushe kwa kamba ndani ya uzio mara mbili, polepole, aunuse ukuta wote.

Wiki mbili za kwanza asitoke getini bila kamba. Mbwa aliyehamishwa hujaribu kurudi alikotoka, na kati ya Goba na Tabata kuna Barabara ya Morogoro.

Alfajiri za mwanzo amka kabla ya adhana. Mpe mfupa au umkalie karibu, uzungumze naye. Bosi aliitikia siku nne Goba, siku ya tano alitafuna tu. Wengine hawaachi kabisa, na kwa hao banda ligeuzwe mlango upande usioelekea spika.

Akimng'ata mtu, hata kama ni mkwaruzo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo kama daktari ataona inafaa, lipia wewe, na kadi ya mbwa uende nayo. Usijadiliane na mtu kuhusu kosa ni la nani mpaka hayo yaishe.

Mwezi wa tano tangu uhamie, kabla ya kulipa kodi nyingine, angalia tarehe ya chanjo. Kama imekaribia, chanja, na upeleke nakala ya kadi pamoja na kodi. Mzee wangu siku hizi kadi haiangalii. Juzi aliniuliza Bosi atapata watoto lini, kuna ndugu yake Kibaha anataka mmoja.